Bata Nalo Liingie Daftarini

Kijana wa Kasulu au Kibondo akifungua biashara, hupata ushauri wa aina mbili. Wazee humwambia aache starehe mpaka atajirike. Rafiki zake humkumbusha kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi, kisha wanaagiza soda kwa hesabu yake. Mimi nadai kambi zote mbili zinamkamata asiye mwizi. Kinachoua biashara changa huku Buha ni starehe isiyoandikwa popote.

Mtazame dereva wa bodaboda aliyechukua pikipiki ya mkataba. Hesabu ya bosi inatakiwa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Jioni Simba na Yanga zikikutana, pikipiki hujipanga nje ya kibanda umiza na abiria hutembea kwa miguu. Kiingilio ni pesa ndogo, na mwenyewe ataapa kwamba hakutumia kitu. Abiria wa jioni nzima aliowakosa hawamo katika kiapo hicho. Kesho yake anaziba pengo kwa mkopo wa kausha damu, ambao hauulizi nani alishinda. Wakala wa fedha za simu naye mambo ni yaleyale: floti iko mkononi, mchumba yuko mbali, na namba yake kidole kimeikariri. Muuza chipsi ndiye wa kuhurumiwa zaidi, maana rafiki zake ni wateja wa kwanza kufika na wa mwisho kulipa. Kila sahani husindikizwa na neno "andika", na hakuna anayeandika.

Wazee watajibu kwamba wao walilima bila anasa wakajenga. Kalenda yao wenyewe inawasuta. Mvua za huku huanza karibu na Oktoba na kukoma karibu na Mei. Kiangazi kikiingia, maharage na mahindi yakiwa ndani, harusi zilifuatana na pombe ya ndizi haikukauka. Bata walilila vizuri tu, ila bajeti yake ilisimamiwa na mawingu. Ligi ya mpira haingoji mavuno, na simu haina kiangazi, kwa hiyo kijana wa leo lazima ajiwekee mpaka mwenyewe. Nao wanaosema asubiri utajiri kwanza waisome Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, iliyomhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Pesa ikimkuta na miaka 40, magoti yatakuwa na sera yao.

Lipo pingamizi zito zaidi: mwenye mtaji wa kuungaunga atatengaje fungu la starehe? Huyo ndiye anayelihitaji kuliko wote, kwa sababu mtaji wake hauwezi kuhimili jioni moja isiyo na hesabu. Hata akikopa mtaji hatakwepa hesabu hiyo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za vijana, na huwakopesha kwa vikundi; na ndani ya kikundi mwenzako anaona unachotoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kiasi cha Jumamosi kiandikwe chini ya petroli na juu ya vocha. Kikiisha, timu yako ishinde bila wewe.