Cheti cha Kuwa Mwanamke

Hapa Kisiba, wilayani Rungwe, mama akishuka barabarani alfajiri, mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, hakuna anayemuuliza kama yeye ni mwanamke. Serikali ndiyo inayouliza, tena kwa maandishi.

Tusiilaumu bure. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Fungu ni nono. Njia yake ndiyo nyembamba: kikundi kiwe na katiba, mihtasari ya vikao, akaunti ya benki na TIN, kipite kwa afisa maendeleo ya jamii, kisha kijisajili NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, wakati baadhi yetu ndio kwanza tulikuwa tunajifunza kuitamka TANePS.

Basi mama aliyeuza maharage maisha yake yote bila karatasi anapanda bodaboda hadi Tukuyu, na mvua ya Rungwe haijali tarehe ya mwisho ya zabuni. Stesheneri anajaziwa fomu na kijana ambaye hajawahi kushika jembe. Kwa barua pepe ya nani? Ya kijana.

Mzee wa nyumbani naye, aliyekuwa akikiita kikundi “umbea wa akina mama”, siku ya zabuni kaamka mapema, kanyoa ndevu. Mwenyekiti mama, mweka hazina mama, picha zote vitenge vitupu. Nywila anayo baba.