Dishi, Nazi na Maji Mekundu

Likizo ya siku nne haimfikishi mtu mbali, nami sikutaka kufika mbali. Nilitaka kukaa sebuleni kwa mama, kijijini Moa, tutazame Ertuğrul mpaka usingizi utuchukue. Mama anaipenda mno tamthilia hiyo ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Watu wa mahema yale ya karne ya 13 anawajua kama anavyowajua majirani zake: nani ana husuda, nani anauza siri kwa adui, nani mkwe mwema. Kila usiku hunipigia simu Tanga kunieleza walipofikia, na kila akikata simu huniuma kwamba ametazama peke yake. Tangu baba afariki, kile kiti cha pili hakina mtu.

Nilifika Ijumaa jioni. Umeme upo, king'amuzi kimelipiwa, mama amesonga bada na kupika mchuzi wa papa. Tukatazama sehemu moja, tukalala tumeridhika.

Jumamosi asubuhi akaja mkwezi. Mama alikuwa amemwita tangu wiki iliyopita, kwa sababu mnazi mrefu wa nyuma ya nyumba ulikuwa umekausha nazi na watoto wanapita chini yake. Dishi letu limefungwa kwenye nguzo hatua chache kutoka shina la mnazi huo, uso umeelekea magharibi, upande wa milima ya Usambara, mgongo umeipa bahari. Mimi na mpwa wangu tulisimama pembeni tukihesabu nazi zinavyoanguka. Hakuna aliyelitazama dishi. Kole la tatu lilikatika zima, likashuka na kishindo ambacho mpaka leo nakisikia. Sahani ilikunjika katikati na kichwa chake kikarukia kwenye makumbi.

Mkwezi aliteremka mbio, uso umemsawijika. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamuuliza neno moja tu: "Umeumia, baba?" Hakuuliza la dishi. Alimlipa ujira wake wote na nazi tano juu yake. Nililipenda jambo lile, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya dishi jipya. Fundi alisema hawezi kuja kabla ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya kuondoka.

Nilikuwa na flashi yenye filamu kadhaa, nikasema tutatumia hiyo. Magharibi, hata hatujaichomeka, yuniti za LUKU zikaisha. Huku kwetu simu hudaka mnara wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Vanga, na ile jioni simu yangu ilikataa kabisa kurudi Tanzania. Pesa ninazo, kununua umeme siwezi. Mpwa wangu aliichukua akatembea nayo barabarani akiinyanyua juu, akasogea mpaka karibu na msikiti, na baada ya saa nzima akarudi na tarakimu za tokeni amezinakili kwenye kiganja kwa kalamu. Tatu za mwisho zilikuwa zimefutika kwa jasho. Akageuka akaenda tena bila kuambiwa, na taa zilipowaka isha ilikuwa imeshapita.

Mama alizipitia filamu zangu moja moja bila kutamani hata moja, mpaka akaona picha ya mwanamke mwenye jembe la kukokotwa begani. "Hii," akasema. "Hii baba yako alinionyesha Majestic."

Ilikuwa Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, yenye Nargis. Wazee wengi wa Tanga wanaijua. Televisheni huku bara ilianza mwaka 1994 tu. Kabla ya hapo aliyetaka picha alikwenda sinema, na wa Moa alikula vumbi la barabara ya Horohoro mpaka mjini. Baba alipokuwa kijana alibeba mizigo Tanga na jioni zake zilimalizikia kwenye sinema ya Majestic. Kihindi hakukijua, lakini akikaa karibu nawe alikunong'oneza kila neno, na hakuna aliyemtilia shaka.

Filamu inachukua karibu saa tatu, na maandishi yake ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kunong'ona ikawa yangu. Nikasoma: familia imekopa rupia 500, na riba yake ni robo tatu ya mavuno kila mwaka. Mama akasonya. Baba wa nyumba akapondwa mikono na jiwe, akaondoka usiku asirudi. Mama akanyamaza. Mafuriko yakaja, watoto wakafa, wawili wakabaki. Tulivyozidi kuukaribia mwisho ulimi wangu ulizidi kuwa mzito, kwa kuwa naujua: Birju, mwana mkaidi, anamteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake, na mama yake anamzuia kwa bunduki.

Bunduki ikalia. Nikaacha kusoma.

"Sasa anaamka," mama akasema.

Nikamwangalia. "Nani amesema anaamka?"

"Baba yako. Alisema ile risasi ilikwenda hewani. Kijana ameanguka kwa haya, anamwomba mama yake radhi, kisha wanarudi nyumbani."

Kwenye skrini Nargis alikuwa amempakata mwanawe, mikono imejaa damu. Mama aliitazama ile damu bila kupepesa. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile: walipokwenda Majestic, miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wamzike kaka yangu wa kwanza, aliyekufa kwa homa kabla hajaanza kutembea. Baba alimpeleka mjini ili apate kula, maana alikuwa amekataa chakula. Hakujua picha ya siku ile ni ipi mpaka walipokwisha kukaa.

"Ulimwamini?" nikamuuliza.

"Macho ninayo, mwanangu. Nilimwona mtoto amekufa. Lakini mwenzangu alikuwa ananong'ona na sauti inamtetemeka, nikamwacha aseme. Tulipotoka nikala."

Filamu inaishia kwenye mfereji mpya wa kumwagilia mashamba. Radha, yule mama wa Birju, sasa bibi kizee, anaufungua, na maji yanatoka mekundu kabla hayajatakata. Nilitafuta la kusema, mama akanitangulia.

"Udongo huo," akasema. "Alisema kule kwao udongo ni mwekundu."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Udongo."

Yuniti zilikuwa bado zipo. Akaniomba niirudishe mwanzo, pale mtoto mdogo alipokuwa angali mapajani.