Muulize Somo: Barua Kutoka Portland

Mwezi uliopita nilimjibu mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Reed, kule Portland, Oregon. Akapeleka habari bwenini, na sasa chuo kizima kinanijua. Si jambo la kujivunia sana: chuo chenyewe kina wanafunzi 1,400 hivi, na sekondari ya kata yangu inawazidi siku ya uji. Kipo tangu 1908, hakina kitivo cha udaktari wala sheria, na mtu husoma hapo falsafa, fizikia au fasihi mpaka macho yamtoke, kisha arudi nyumbani wajomba wamuulize amesomea kazi gani. Barua ni nyingi, nimechambua.

*Shikamoo Somo. Mwanangu yuko Reed mwaka wa pili. Kila muhula ukiisha namuuliza, "Umekuwa wa ngapi?" Anasema hajui, hajapewa maksi. Ananificha nini? – Mama wa Raskazone, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu. Hakufichi. Maksi zipo, zimeandikwa, zimekaa kwa msajili. Ila chuo hakimpelekei mwanafunzi ripoti ya alama. Anayezitaka huenda kuziomba, na wengi huona haya kuziomba. Kazi yake inarudi na maelezo ya mwalimu, mara nyingine marefu kuliko kazi yenyewe. Akishuka chini ya C ndipo anaambiwa. Kwa hiyo kimya chake ni habari njema.

Najua inauma. Sisi tumelelewa kwa "wa 3 kati ya 87". Mimi niliwahi kuwa wa 41 katika darasa la watu 44, na marehemu baba akaisoma ripoti ile mbele ya wageni waliokuja kula pilau, hadi pale palipoandikwa "Tabia: anaongea sana". Nyama ilinikwama kooni. Reed ningekula pilau yangu kwa amani.

Usimuulize tena amekuwa wa ngapi. Muulize jana amelala masaa mangapi. Hapo ndipo utakaposikia uongo.

*Somo, mimi nalala masaa 8 na kazi zangu zote namaliza. Nikisema hivyo mezani, wenzangu wananitazama kama nimekula hadharani mchana wa Ramadhani. Jana nimedanganya kwamba nimekesha. Nina ugonjwa gani? – Mwenye Usingizi*

Huna ugonjwa, mwanangu. Umeingia kwenye ligi bila jezi.

Palipofichwa maksi, watu wamejitungia nyingine. Mmoja anatua kikombe cha kahawa, anasugua macho, anasema amelala masaa 4. Wa pili anasema 3. Wa tatu hasemi kitu: analaza shavu juu ya Herodoto, kwenye ukurasa wenye doa la mchuzi wa nyanya, na meza nzima inajua nani kashinda. Na vya kukeshea havikosekani. Ile kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza, Humanities 110, ilikuwa ya Wagiriki na majirani zao mpaka wanafunzi walipopiga kelele; tangu 2018 zimeingizwa humo Mexico City na Harlem.

Mimi ninachoshangaa ni hiki. Dar es Salaam mtu anapiga msuli usiku kucha na desa chini ya mto, asubuhi anakwambia, "Aisee, mimi hata sijagusa kitu." Kisha anapata A. Anaficha jasho ili aonekane ana akili. Huyu wa Portland anaanika jasho kama kanga kwenye kamba, na akili anaachia watu wabahatishe. Wote wawili waongo, lakini wa Dar angalau anaoga.

Endelea kulala. Wakikuuliza, sema masaa 8, kisha utazame sahani yako. Mmoja wao atakufuata baadaye koridoni akuulize kwa sauti ya chini unafanyaje.

*Somo, pesa ya chakula imeniishia. Wenzangu wanasema nikasimame bwaloni na wale wanaokula mabaki ya watu. Bibi yangu wa Pemba alinifunza kwamba kudoea ni aibu. – Mwenye Njaa na Adabu*

Bibi yako yuko sahihi, na wewe una njaa. Tuone kama mnaweza kupatana.

Desturi hiyo Reed ni ya miaka mingi na ina mahali pake bwaloni. Anayeshiba, kabla ya kurudisha sahani, anapita pale na kuacha alichobakiza: nusu ya mkate uliotiwa jibini, chipsi zilizopoa, wali uliochimbwa upande mmoja tu. Mwenye mafua hapeleki chake. Nimeitafakari sana na sioni kama ni kudoea. Mdoezi wa kwetu anabisha hodi sahani ikiwa ndiyo kwanza inafunuliwa, anasema amekuja kuazima panga, anakaa, na panga halitajwi tena. Huyu wa Reed hasingizii panga. Amesimama peupe, uma mkononi, na hachukui mpaka apewe.

Halafu kuna hili: watoto wa wenye nacho nao husimama pale, kwa raha zao tu. Kwa hiyo hakuna atakayekunyooshea kidole. Kula, mwanangu, nawa mikono kwanza. Mwakani ukiwa nacho, wabakizie wenzako kipande cha maana, si maganda.

*Nataka kuacha chuo kama Steve Jobs. – Tajiri wa Kesho*

Jobs aliingia Reed 1972, akaacha baada ya miezi 6 hivi. Sehemu unayoiruka ni kwamba hakuondoka. Alizunguka hapo mwaka na zaidi, akilala sakafuni kwa marafiki, akirudisha chupa za soda apate senti 5 za chakula, na kuhudhuria darasa la kuandika herufi nzuri ambalo halimpi cheti. Yaani aliacha ada, hakuacha shule. Na jambo dogo la mwisho: yeye hakuwa na visa ya mwanafunzi mgeni, ile F-1. Wewe ukiacha masomo leo, sakafu utakayolalia ni ya uwanja wa ndege.

*Somo, ni mimi tena. Sasa mwanangu ananiambia amepata kazi ya kuendesha kinu cha nyuklia. Nimekaa chini, siinuki. – Mama wa Raskazone*

Inuka, mdogo wangu, safari hii pia hadanganyi. Chuo kina kinu chake cha utafiti tangu 1968, kimezama ndani ya birika la maji, na waendeshaji wake wengi ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hakushikishwa tu funguo: kuna mafunzo marefu, kisha mtihani wa serikali kuu, na leseni anapewa na serikali yenyewe, si mwalimu wake. Kikiwaka, maji yanatoa mwanga wa buluu. Hakitwangi mpunga na hakitengenezi bomu. Majirani waambie mtoto yuko "kwenye mambo ya umeme". Nacho hakizalishi umeme, lakini utapumzika.

*Nimeandika sentensi ya kwanza ya tasnifu yangu mara 40. Zimebaki wiki 3. Jirani yangu maktabani amefika ukurasa wa 90. – Mkwama*

Andika ya pili.

Nisikuache na hilo tu, maana nimekuonea huruma. Reed hakuna anayehitimu bila tasnifu, awe wa kemia au wa ngoma, na mwaka mzima wa mwisho unakwenda na hiyo. Baada yake unakaa masaa mawili hivi mbele ya walimu wakikuuliza ulimaanisha nini. Kwa hiyo sentensi ya kwanza haina uzito unaoupa. Inuka hapo ulipo, panda kwenye mnara wa maktaba zilikohifadhiwa tasnifu za waliotangulia. Chukua moja ya miaka ya 1960, ya mtu usiyemjua, usome sura ya pili. Utakuta inachosha, ina aya moja iliyorudiwa, na mwenyewe alihitimu. Kurasa 90 za jirani yako zisikutishe. Nadhani 30 ni za majedwali.

Siku ya kukabidhi mtatoka maktabani kwa maandamano hadi kwa msajili, mataji ya majani kichwani, baada ya kutia rasimu motoni. Zile sentensi 40 usizifute. Zitawaka vizuri.

*Somo, nimeamka usiku nikakuta bundi chumbani. Wa zege. Wenzangu wanashangilia. Nifanyeje? – Mwenye Usingizi, tena*

Loo! Kwetu bundi akitua paani watu hawalali. Wanaomba dua, na asubuhi wanahesabu wagonjwa. Bundi mwenyewe usiku wa manane, chumbani kwako, tena ana kilo 100 na ushee!

Tulia. Huyo ni Doyle Owl, na wanafunzi wa Reed wameibiana sanamu hiyo kizazi baada ya kizazi. Mkosi wake ni mmoja tu: ukishakuwa naye, bweni la jirani linakuja kumchukua, na haliji mchana. Mfunike kanga. Sogeza kabati mlangoni. Bibi yako usimpigie picha. Kesho mezani waambie umelala masaa mawili, na safari hii hutakuwa umedanganya.