Mjomba, Hii ni Sitini

"Shikamoo mjomba," akasema kijana wa jirani, kidato cha pili, na kabla sijamaliza "marahaba" alikuwa ameshakamata mausi. Akazungusha kishale kwenye kioo changu kipya. Wageni kimya, wanasubiri kusifu. "Mjomba, mbona hii ni sitini tu? Kama ile ya shuleni."

Ilikuwa jana jioni. Masikio bado yana moto. Kioo hicho nilikitangaza mtaa mzima: 4K, picha 144 kwa sekunde. Na kweli kinaweza. Ila nikikiweka 144 kinazimika, kinawaka, kinazimika tena. Nikishusha hadi 60 ndipo kinatulia.

Mchawi ni waya, na hapo mnivumilie, maana hesabu yake tamu. Kioo cha 4K kina pikseli 3,840 kwa 2,160, yaani karibu milioni 8.3. Kila pikseli ina biti 24 za rangi. Zidisha kwa 144: gigabiti zaidi ya 28 kila sekunde, na hapo hujahesabu nafasi tupu kati ya mstari na mstari, ambazo nazo zinasafirishwa! Kiwango cha waya huu kinaitwa HDMI, na toleo lake la 2.0, la mwaka 2013, linapitisha 18. Hata hizo si zako zote: kila biti nane za picha husafiri zikiwa kumi, kama daladala ya abiria wanane na makonda wawili. Zinabaki 14.4. Sasa 4K ya picha 60, pamoja na nafasi zake tupu, inakula 14.26. Imeingia kwa kujibana! HDMI 2.1, ya 2017, ndiyo iliyopanda hadi 48. Waya usioiweza kasi hiyo haukwambii kitu. Mawimbi yanafifia humo ndani, hasa ukiwa mrefu, na kioo kikishindwa kuyasoma kinakupa giza.

Nikaurudisha dukani. Muuzaji akanionyesha ncha inavyong'aa. "Imepakwa dhahabu hii, mzee." Dhahabu inazuia kutu. Haiongezi hata gigabiti moja.

Waya uliofuata haukufika mezani. Ule mnene ulifika, ukasukuma kioo kikatazama ukuta.

Kucheka kumeniisha. Sanduku la waya wangu limeandikwa "8K" kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Waya uliopimwa kweli kwa gigabiti 48 hubandikwa stika ya Ultra High Speed, unaikagua kwa simu. Dukani pale sikuiona hata kwenye sanduku moja. Na wenye kiwango chenyewe wameruhusu tundu liitwe 2.1 hata lisipofika 48, eti kasi hiyo ni hiari. Hiari ya nani? Mbona bei si hiari?

Ukiuziwa waya wa "8K", uliza: gigabiti ngapi, na kwa mita ngapi? Ukijibiwa kwamba umepakwa dhahabu, aga uondoke.