Namna ya Kuiita Ndege Ikaja, na Ikarudi Tena

Ndugu Meneja, kwanza pongezi. Lami umeipata, jengo la abiria lina vioo, mnara umesimama, na kibao cha getini kimeandikwa "Kimataifa" kwa herufi zinazosomeka kutoka barabara kuu. Kinachokosekana ni ndege. Mwongozo huu ni wako wewe, pamoja na Mkuu wa Mkoa au Gavana anayekupigia simu kila wiki kuuliza zinakuja lini. Nitawatania humu ndani kwa sababu mmezidi kupenda sherehe, lakini kila ninachowaelekeza kifanyeni kama kilivyo. Kuna mgonjwa wa rufaa anayelala usiku kucha kwenye kiti cha basi, na kuna mfanyabiashara anayepoteza siku mbili kufuata mzigo. Kiwanja hicho kilijengwa kwa ajili yao.

Anza kwa kuwaambia wapiga ngoma wabaki nyumbani. Utepe haujawahi kununua tiketi. Kiwanja cha Castellón nchini Hispania kilizinduliwa Machi 2011 kikiwa hakina shirika hata moja la ndege, na safari ya kwanza ya kibiashara ikafika Septemba 2015. Kwa miaka minne na nusu wananchi walikuwa na kiwanja cha kutazama. Kwa hiyo mgeni rasmi akikuuliza tarehe ya uzinduzi, mjibu kwa adabu kwamba tarehe itapangwa na ratiba ya shirika la ndege. Akisisitiza, mpe historia ya Mattala.

Mattala ilifunguliwa Machi 2013 huko Hambantota, kusini mwa Sri Lanka, eneo alikotoka rais wa wakati huo Mahinda Rajapaksa, ikapewa jina lake. Iligharimu dola zipatazo milioni 209, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China, na ilijengwa kuhudumia abiria milioni moja kwa mwaka. Shirika la ndege la taifa lilipeleka ndege zake huko. Januari 2015 Rajapaksa akashindwa uchaguzi, na mwezi huohuo shirika likaondoka. Baadaye maghala ya mizigo yakatumika kuhifadhi mpunga, na mwaka 2016 askari wakapelekwa kufukuza wanyamapori waliokuwa wakikatiza kwenye njia ya kurukia. Flydubai, iliyobaki mwishoni, ikasitisha safari zake mwaka 2018. Mheshimiwa akuelewe vizuri hapo: ndege iliyokuja kwa amri huondoka na aliyeamuru.

Hatua inayofuata haina gharama. Chukua karatasi ujibu swali moja: kiwanja hiki ni cha kubeba nini? Isiolo, nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 2017 na Rais Uhuru Kenyatta, na miongoni mwa matumaini makubwa ilikuwa kusafirisha miraa ya Meru moja kwa moja hadi sokoni. Lakini njia yake ina urefu wa kilomita 1.4 hivi, na ndege kubwa ya mizigo haiwezi kutua hapo ikaondoka na shehena ya maana. Soko nalo lilikuwa linayumba: Uingereza ilikwisha kupiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ikaizuia kuanzia 2020 hadi 2022. Miraa ikaendelea kukimbizwa barabarani kwenda Nairobi. Eldoret, hukohuko Kenya, ina tatizo jingine. Njia yake ni ndefu, karibu kilomita 3.5, nayo inahitaji urefu huo kwa sababu mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini na mabawa hutaabika kunyanyua uzito. Ndege za mizigo zimekuwa zikitua pale zimejaa bidhaa kutoka nje na kuondoka na shehena ndogo sana. Shirika hulipia mafuta ya kwenda na ya kurudi. Mzigo wa upande mmoja tu utamleta rubani, lakini hautamfanya mhasibu wake alale usingizi.

Sasa hesabu, na tafadhali usimpe msaidizi aifanye. Chukua Dash 8 Q400, ile ambayo Watanzania tunaiita Bombadia, yenye viti 76. Ikija mara nne kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa mwaka inakuletea viti 31,616 vya kuuza. Ijaze kwa asilimia 70 tu na utahitaji zaidi ya abiria 22,000. Ikija kila siku, viti vinafika 55,480. Ukitaka Airbus A220-300 ya viti 132 ije kila siku, jiandae kuuza viti 96,360. Sema namba hizo kwa sauti ndani ya kikao cha kamati ya ushauri ya mkoa kabla mtu hajapendekeza safari ya moja kwa moja kwenda Dubai au London. Watakaonyamaza ndio watakaokusaidia.

Ukishajua unahitaji wangapi, nenda ukawatafute, na hapa ndipo nakuomba utumie muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Abiria wako wapo. Wanaondoka kila siku, ila hawaondokei kwako. Kwa miaka mingi watu wa Arusha na Moshi wamekuwa wakipanda mabasi madogo ya Namanga kwenda kupandia ndege Nairobi, hali kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kiko katikati ya miji yao. Wanafuata nauli nafuu na wingi wa safari. Mtu wa namna hiyo haonekani kwenye takwimu zako. Mashirika ya ndege hununua data za tiketi zilizouzwa duniani, lakini humo abiria wako anahesabiwa kuwa wa Nairobi au wa Dar es Salaam. Usipomwonyesha wewe, kwa shirika hilo hajazaliwa.

Basi vua tai, nenda stendi saa 11 alfajiri ukiwa na daftari. Wapiga debe wanajua nani anakwenda wapi kuliko idara yoyote ya mipango. Waulize mabasi mangapi yanaondoka kwenda mji mkubwa, siku zipi hujaa, na abiria wangapi wana mabegi ya safari ndefu. Kisha panda hadi hospitali ya rufaa uombe idadi ya wagonjwa wanaopelekwa hospitali za Muhimbili au Kenyatta kwa mwezi. Nenda mgodini, maana wafanyakazi wa mgodi husafiri kwa zamu, na zamu ina tarehe. Chuo kikuu kina wageni wa mahafali na watahini wa nje. Halmashauri zina watumishi wasioisha kwenda vikao. Kwa wafanyabiashara usipeleke dodoso. Kaa nao dukani. Ukiwa Mbeya, pita soko la Mwanjelwa uulize nani anafuata mzigo Kariakoo, nani anavuka hadi China, kila baada ya miezi mingapi, na angelipa kiasi gani ili asilale njiani. Andika nauli anayotaja yeye, hata kama inakuuma. Mpe nafasi pia mwenye ndugu ng'ambo. Qatar Airways ilianza kutua Mombasa Desemba 2018 na flydubai ikafuata Januari 2024. Mbali na watalii, Pwani ina watu wengi wanaofanya kazi nchi za Ghuba, wanaorudi likizo, wanaozika na kuozesha. Hao hawaangalii msimu wa jua la Ulaya.

Narudia jambo la msimu kwa sababu Mombasa imelilipia. Kwa miongo kadhaa ndege za kukodi kutoka Ulaya zilimwaga watalii pale, na mji ukajipanga kwa ajili yao. Mei 2014 Uingereza ikatoa tahadhari ya usalama, na kampuni za utalii za Thomson na First Choice zikawaondoa wateja wao kwa haraka na kufuta safari. Mwaka 2017 reli mpya ikaanza kubeba watu kati ya Nairobi na Mombasa kwa takriban saa tano, na ndege za ndani zikapata mshindani. Kiwanja chenye abiria wa aina moja ni kama meza ya mguu mmoja. Tafuta angalau aina tatu, na moja kati yao iwe ya watu wanaosafiri hata mvua ikinyesha.

Kabla hujapanda kwenda kuonana na shirika, kagua nyumbani kwako. Taa za njia ya kurukia zipo? Kiwanja kisicho na taa hufunga kazi jua linapozama, na shirika lenye ndege chache linataka kila ndege izunguke kutoka saa 12 asubuhi hadi usiku. Safari ya mikoani ikilazimika kuwa ya mchana tu, inagombea ndege ileile na ruti zenye fedha zaidi, na itashindwa. Songwe, Mbeya, ilifunguliwa Desemba 2012 ikiwa na njia ya zaidi ya kilomita tatu, ndefu kuliko za viwanja vingi nchini, lakini ukungu umewahi kuzirudisha ndege Dar es Salaam na abiria wake ndani. Lami ndefu haioni gizani wala kwenye ukungu. Uliza pia kama kuna mafuta ya ndege. Pasipo na mafuta, ndege huja imebeba ya kurudia, na uzito huo unachukua nafasi ya abiria na mizigo yao.

Zimamoto na uokoaji sitavitania. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba, na watu 19 wakafa. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kama kiwanja chako kiko kando ya maji, boti ya uokoaji iwe na mafuta, iwe na watu waliofunzwa, na iwe majini kabla ya safari ya kwanza. Fedha za kapeti jekundu zinatosha kuanzia.

Sasa unaweza kuomba kikao. Usiende kwa mwenyekiti wa bodi ya shirika wala kwa waziri. Mtafute mpanga mtandao wa safari, kijana au binti anayekaa mbele ya kompyuta akilinganisha ruti yako na nyingine thelathini. Tangu 1995 kuna makongamano yanayokutanisha viwanja na mashirika, na kikao kimoja huwa cha dakika 20 hivi. Dakika kumi za kwanza usizitumie kusoma salamu za mkoa. Itifaki izingatiwe huko nyumbani. Mwekee mezani ukurasa mmoja: abiria wangapi, wanakwenda wapi, wanapitia wapi leo, wanalipa kiasi gani, siku zipi, na nani ameahidi kwa maandishi kununua tiketi. Picha ya maporomoko ya maji ibaki kwenye begi mpaka aiombe. Na uende mapema. Ratiba za dunia hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ndege ya msimu ujao imeshagawiwa kabla hujafika.

Atakuuliza utachangia nini, na hapo waheshimiwa wengi hukimbilia ruzuku. Punguzo la ada za kutua na kuegesha ni jambo la kawaida. Ryanair ilijijenga kwa makubaliano ya namna hiyo na viwanja vidogo vya Ulaya, na mkataba wake wa Charleroi, Ubelgiji, ulifikishwa hadi mahakamani: Tume ya Ulaya iliukosoa mwaka 2004, mahakama ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2008. Lakini ujue ruzuku inaweza nini. India ilianzisha mpango wa UDAN mwaka 2016, ikafidia mashirika ili nauli ya safari ya saa moja hivi isizidi rupia 2,500 kwa sehemu ya viti. Nia ilikuwa njema mno, na mimi naiheshimu. Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo alipopitia awamu za mwanzo, taarifa yake ya 2023 ilionyesha kwamba kati ya ruti 774 zilizotolewa, 403 hazikuanza kabisa. Kati ya 371 zilizoanza, 112 tu zilimaliza miaka mitatu ya makubaliano, na zilizokuwa bado zinaruka baada ya hapo, hadi Machi 2023, zilikuwa 54.

Kwa hiyo changia kwa namna inayokufunga na wewe. Mikoani Marekani kuna miji ambayo wafanyabiashara wake huweka fedha za tiketi mapema kwenye mfuko wa pamoja, kisha wanazitumia kusafiri na shirika lililokubali kuja. Anayekwisha kulipa hapandi basi. Mgodi, hospitali, chuo na halmashauri zako zinaweza kufanya hivyo kwa mwaka mmoja. Mkiweka pia dhamana ya mapato, andikeni kikomo chake, tarehe ya mwisho, na hesabu ya kila mwezi mnayoiona nyinyi na shirika. Usiahidi fedha za bajeti ya mwaka ujao, kwa maana Bunge halijaipitisha.

Ndege ikija, mnaweza kuimwagia maji na kupiga picha. Kesho yake asubuhi rudi ofisini. Pata orodha ya viti vilivyoondoka vitupu, siku kwa siku. Jumanne ikiwa dhaifu, mpigie afisa usafirishaji wa mgodi umwombe zamu ihamie Jumanne. Kama abiria wanakosa basi la kuunganisha kutoka kiwanjani hadi mjini, kaa na wenye daladala mpange muda. Nauli ikipanda ghafla wakati wa sikukuu, mwandikie mpanga safari umwambie watu wangapi wamerudi stendi, ukiwa na namba kutoka kwa wapiga debe walewale. Mwezi wa sita omba kikao naye tena, kabla yeye hajakuomba, upeleke ukurasa mpya wenye majina ya kampuni zilizoongeza safari na zile zilizopunguza, na pendekezo lako la saa ya kuondoka kwa msimu wa Oktoba.