Nahodha Kutoka Mpwapwa

Hivi ni mchezo gani mwingine duniani watu wanashindana huku wamekupa kisogo kule wanakokwenda? Nitajie mmoja tu. Baiskeli wanaangalia mbele. Farasi, mbele. Mbio za magunia za shule ya msingi, mbele. Lakini hawa jamaa wa makasia, watu wazima kabisa, wengine mawakili na madaktari, wanakaa wanane kwenye boti, wote migongo mbele, wanavuta kufa na kupona, na hakuna hata mmoja anayejua kama huko waendako kuna daraja au kuna bata. Anayeona ni mtu wa tisa. Kakaa peke yake kule nyuma, anatazamana nao uso kwa uso, kashika vikamba viwili vya usukani, maiki ipo mdomoni. Wenyewe wanamwita koksi. Nahodha, kwa lugha yetu. Basi huyo nahodha, ndugu yangu, ni mimi. Na kuogelea sijui.

Usianze kucheka, bado.

Hapa London mimi nabeba boksi, sifichi. Bosi wetu pale ghalani ni Mzungu wa watu, hana roho mbaya, ila ana ugonjwa mmoja, makasia. Siku hiyo wakati wa chai akaniuliza kwetu wapi. Nikamjibu Tanzania. Macho yakamtoka. "Aaah, Zanzibar! Bahari! Kumbe wewe mtu wa vyombo!" Nilitaka kumwambia mimi wa Mpwapwa, Dodoma. Kwetu mto unakuja na mvua, mvua ikiondoka unabaki mchanga watu wanachimba visima. Bahari nimeiona nina ndevu. Lakini na wewe unajua maisha. Bosi akifurahi humkati stimu. Na ovataimu za Jumapili anapanga yeye. Nikachekacheka. Akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye buti, akamaliza upesi, maana hakukuwa na mengi ya kutazama. Akauliza nina kilo ngapi. Nikasema hamsini na kitu. Mzee wa watu nusura anikumbatie.

Nikajua nimekula shavu! Ufupi huu umenikosesha mengi. Jeshini walinipima wakanirudishia vyeti. Basketi nilikuwa naitwa kuokota mpira. Leo natafutwa kwa ajili ya ufupi huo huo, nikatae? Kumbe hesabu zao ni nyingine. Kwenye mashindano makubwa nahodha hatakiwi kupungua kilo 55, na kila kilo inayozidi hapo ni mzigo wa bure kwa wale wanane. Ukipungua, unaongezewa kifuko cha mchanga kufidia. Umeelewa hapo? Yaani sehemu ya kazi yangu inaweza kufanywa na mchanga. Na mchanga haulalamiki.

Basi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa pili, niko Putney, ukingoni mwa mto Thames. Giza. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Nikaonyeshwa boti. Ndefu, inakaribia mita 18, nyembamba, nikiinyoosha mikono miwili imetoka nje pande zote. Boti za mashindano za aina hiyo zinaruhusiwa kuwa na kilo 96 tu. Halafu juu yake wanapanda watu wanane, kila mmoja kilo tisini na maringo yake. Mimi naishi kwa kubeba mizigo, nikaona hesabu haziendi. Wao wakaibeba begani juu chini, wakatembea nayo kuingia mtoni na masoksi, wanasubiri amri. Amri ya nani? Yangu! Nikasema "haya". Hakuna aliyesogea. Nikasema "twendeni". Wakanitazama. Bosi akaja akasema neno moja, boti ikageuka hewani ikatua majini. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kwanza kwa timu.

Halafu viti vyao vina magurudumu, vinakwenda mbele na nyuma kwenye reli. Mguu unauingiza kwenye kiatu ambacho kimefungwa kwenye boti. Nikamuuliza anayekaa mbele yangu, wanamwita namba nane, sasa ikipinduka? Akanionyesha kikamba cha kisigino, kiatu kinabaki, mguu unatoka. Vizuri sana. Hakuna aliyeuliza mimi natokaje. Nilipewa jaketi okozi la mtoto, lile la watu wazima lilinifika magotini.

Nilidhani kupiga kasia ni mikono. Wewe je? Basi wote tulidanganywa. Namba nane ananikalia karibu, magoti yake na kidevu changu ni majirani, kwa hiyo nimeona kila kitu. Bapa la kasia linazama majini, na hapo hapo miguu ndiyo inasukuma. Miguu kwanza. Ikishanyooka, mgongo unafunguka. Mikono inakuja mwisho kabisa, inavuta mpini mpaka mbavuni. Kisha anaubonyeza mpini chini kidogo, bapa linachomoka, analilaza lipite juu ya maji lisigombane na upepo. Kurudi ni kinyume chake. Mikono inatangulia, mgongo unafuata, magoti yanakunjwa mwisho, taratibu, wala hana haraka. Analisimamisha bapa, linazama tena. Hivyo hivyo watu wanane, kwa pamoja, na resi ikichanganya ni mara 36 mpaka 40 kwa dakika moja. Mwendo anautoa namba nane, wengine wanafuata migongo. Namba moja yuko kule omo, hata sura yake siijui vizuri mpaka leo. Tezi na omo mimi nilivisoma kwenye methali darasa la tano, sikujua nitakuja kukalia kimoja.

Sasa sikiliza balaa. Kila mtu ana kasia moja. Wanne makasia yao yako upande huu, wanne upande ule. Bosi yuko pembeni na kiboti cha mota, ana kipaza sauti, ananiambia tumesogea sana kulia, nirudishe chombo katikati. Nikaona rahisi. Wa kulia wakivuta kwa nguvu, boti inakwenda kushoto. Nikapaza sauti, "Kulia, vuteni!" Wakavuta. Kulia kwao! Watu wamenigeuzia uso, kulia kwao ni kushoto kwangu. Boti ikazidi kwenda kule kule. Nikapiga kelele, "Kulia! Kulia!" Wakazidi kuvuta, watiifu hao. Tukaingia kwenye matawi ya mti ulioinamia mto. Namba moja alitoka na majani kichwani. Kumbe wenyewe hawasemi kulia wala kushoto, kila upande una jina lake, na rangi zake, nyekundu huku, kijani kule. Hakuna aliyeniambia. Mtu wa Zanzibar utamfundisha boti?

Na usukani nao usiutegemee. Kile ni kijibati kisichozidi kiganja. Ukivuta kamba boti inatafakari kwanza. Ukivuta zaidi inageuka kuliko ulivyotaka, na mwendo unapungua. Kwa hiyo nisipopinda nasemwa, nikipinda nasemwa. Siku nyingine boti ya watalii ikapita, wimbi likatufikia, bapa la namba tano likanasa chini ya maji. Wanasema mtu huyo kadaka kaa. Mpini ukamrudi kifuani, ukamlaza chali juu ya miguu ya jirani yake, boti yote ikasimama ghafla. Nani mwenye makosa? Wimbi? Namba tano? Watalii? Wote wananitazama mimi. Eti sikuwaonya. Wanane hawaoni mbele, nikasahau kuwa kazi yangu ni kuona kwa niaba yao na kulaumiwa kwa niaba ya mto.

Najifariji na historia. Pale pale Putney ndipo inapoanzia ile resi kubwa ya vyuo vya Oxford na Cambridge, wanaimalizia Mortlake, kilomita 6.8 hivi. Wameanza kushindana mwaka 1829, kule Henley, na njia hii ya Putney wanaitumia tangu 1845. Wasomi watupu. Sasa mwaka 1912 boti zote mbili zilizama. Zote! Vyuo viwili vikubwa vya Uingereza vimelowa mpaka kwenye shahada. Mwaka 1877 ikaamuliwa sare. Mwaka 2012 jamaa mmoja kajitosa akawa anaogelea katikati ya resi, ikabidi isimamishwe, na ilipoanza upya makasia yakagongana, moja la Oxford likavunjika. Wanawake wao wamekuja kuruhusiwa njia hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, mwaka 2015. Nikiwakumbusha haya wenzangu kwenye boti wananiambia niangalie mbele.

Bosi akaona nimekata tamaa, akaniletea habari za Hamadou Djibo Issaka. Huyu ni wa Niger, nchi ambayo sehemu kubwa ni jangwa. Alikuwa muogeleaji, akafundishwa makasia kwa miezi mitatu tu, akaingia Olimpiki ya London 2012, boti ya mtu mmoja, mita 2000. Alifika mwisho, wenzake walishamaliza zamani, na uwanja mzima wa Eton Dorney unamshangilia. Bosi akasema, umeona? Nimeona. Nimeona kwamba yule anapiga kasia peke yake, hana nahodha. Angekuwa na nahodha kule nyuma, mngempigia makofi nani na mngemzomea nani?

Wala usiniambie nahodha ana heshima yake. Olimpiki ya 1900, Paris, mto Seine. Waholanzi wawili, Brandt na Klein, wakaona nahodha wao mzito. Wakamuacha. Wakachukua mtoto wa Kifaransa, mwepesi, wakamkalisha nyuma, wakachukua ubingwa. Mtoto akapigwa picha nao, akaenda zake. Majina ya wale wawili yapo vitabuni. La mtoto? Watafiti wamehangaika miaka na miaka, mpaka leo hakuna uhakika alikuwa nani. Bingwa wa Olimpiki huyo! Sasa wewe unayesubiri jina la mtu wa Mpwapwa liandikwe mahali, subiri ukiwa umekaa.

Henley nako tulikwenda, kutazama tu. Mashindano yao yapo tangu 1839, ni ya mtoano, boti mbili mbili, anayefungwa anarudi nyumbani. Ila eneo lile la wakubwa lina masharti kuliko ukweni. Mwanamume koti na tai. Wanawake suruali wameruhusiwa juzi juzi tu, mwaka 2021. Mimi na kaptula yangu wala sikujisumbua kusogea. Nikakaa kwenye nyasi na chapati zangu.

Sasa nikumalizie aibu yenyewe. Kuna kiresi cha vilabu vidogo tulishinda. Ndiyo, tulishinda! Usiniulize ilikuwaje, nadhani wenzetu nao walikuwa na nahodha wa Dodoma. Tulipofika ukingoni tu, wale wanane wakanizunguka, wanacheka, wananipigapiga mgongoni. Wawili wakanishika miguu, wawili mabega. Wakaninyanyua juu. Nikasema moyoni, hatimaye. Ndiyo heshima hii. Nikaanza kupungia watu mkono. Mama mmoja akanipungia. Wakanibembeza mara moja, wakanibembeza mara ya pili, nikawa nauliza tunakwenda wapi, mara ya tatu wakaniachia. Kumbe ndiyo mila ya mchezo huu dunia nzima, nahodha wa walioshinda anatupwa majini. Nililia kwa Kiingereza kwamba sijui kuogelea. Nikahamia Kiswahili. Nikamalizia na Kigogo. Wakazidi kucheka, eti mtu wa Zanzibar ana utani. Jaketi likanielekeza uso juu, nikawa nazunguka taratibu kwenye maji ya Thames, bata wananikwepa, mpaka bosi akanivuta na ndoano ya boti kwa ukosi. Medali walinivalisha nikiwa natetemeka. Kwenye picha nimefumba macho.

Kwa hiyo mkishindwa nahodha ndiye mwenye makosa, mkishinda nahodha ndiye anayelowa. Katikati hapo hakuna faida yoyote niliyoiona, ukiacha hizo ovataimu, na hizo zenyewe mwezi huu bosi kampa mwingine.

Ndiyo maana nakuomba wewe unayesoma. Kama una ndugu hapa London, mfupi, kilo 55, ana sauti, na ana shida ya kuheshimiwa, kiti kipo, mimi nakitoa bure. Aje Putney Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, aje na taulo. Na wakimuuliza kwao wapi, aseme Rwanda. Asiitaje Tanzania kabisa.