Mwongozo wa Kushindwa kwa Mshahara

Kijana unayetaka kuingia mbio za baiskeli za kulipwa, karibu. Kama ndoto yako ni kuvaa jezi ya njano ya kinara Paris na kumwagia wenzako shampeni, mwongozo huu haukuhusu. Huu ni wa wale saba wengine. Timu moja ya Tour de France ina waendeshaji wanane, na saba kati yao wameajiriwa ili mmoja ashinde. Nafasi za kazi, kwa hiyo, ziko upande wetu.

Anza kwa kuujua upepo. Anayeendesha nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu liguse gurudumu, huokoa zaidi ya robo ya nguvu zake, na katikati ya kundi kubwa nafuu huzidi hapo. Ajira yako yote imejengwa juu ya hesabu hiyo. Utakaa mbele kwa muda wa saa nne, kifua kikipasua upepo, ili nahodha afike chini ya mlima wa mwisho miguu ikiwa haijachoka. Mchumia juani hulia kivulini, lakini huku anayechuma juani ni wewe na anayelia kivulini ni yeye. Mbelgiji Tim Declercq aliifanya kazi hiyo kwa ustadi hata akabandikwa jina la Trekta: aliliburuza kundi zima kutwa, waliotoroka mbele wasifike mbali, kisha akajiondoa pembeni kabla watazamaji wengi hawajawasha televisheni.

Somo la pili ni maji, na hili usilichukulie kijuujuu. Sauti ya kocha inakujia kwenye redio ya sikioni: chupa. Unaacha kukanyaga pedali, unajipenyeza kurudi nyuma hadi mwisho wa kundi, unaingia kwenye msafara wa magari yanayofukuzana kwa honi. Unasogea dirishani kwa gari la timu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapokea. Chupa mbili ziende kwenye vishikio vya baiskeli, tatu mifuko ya mgongoni, zilizobaki uzisokomeze ndani ya jezi kupitia shingoni, nyingine zikae tumboni, nyingine zikugandishe uti wa mgongo. Chupa nane zilizojaa zinapita kilo nne, na baiskeli yenyewe kisheria haitakiwi kupungua kilo 6.8. Sasa rudi mbele, ukiwa na nundu kama ngamia, ulipite kundi lote linalokwenda kilomita 45 kwa saa. Mpe nahodha kwanza. Wagawie wengine. Ukibakiwa na ya kwako, kunywa haraka, maana redio itaita tena, safari hii kwa koti la mvua.

Tatu, uwe na kimo cha nahodha ikiwezekana. Si mzaha. Tarehe 14 Julai 2016, kwenye mlima Ventoux katika Tour de France, Chris Froome mzaliwa wa Nairobi alianguka pale aliyemtangulia alipoigonga pikipiki ya televisheni iliyozingirwa na umati. Baiskeli yake ikavunjika, gari la timu likawa mbali nyuma, na hakuwa na mwenzake wa timu pembeni. Akaupanda mlima mbio kwa miguu, jezi ya njano mwilini. Baiskeli ya msaada aliyopewa haikumfaa. Angekuwapo mtu kama wewe, mwenye miguu mirefu kama yake, angeshuka, akampa ya kwake, akabaki barabarani kungoja gari.

Mwalimu wetu mkuu katika hilo ni Mfaransa René Vietto. Kwenye Tour ya mwaka 1934, akiwa na miaka 20 na akipanda milima vizuri kuliko karibu wote, alitoa gurudumu lake la mbele kumpa nahodha wake, Antonin Magne, aliyekwama. Akaketi kwenye ukuta wa mawe akilia, na mpiga picha akamkuta hapo. Siku ya pili yake Magne akaharibikiwa tena, Vietto akiwa ametangulia. Kijana akageuza baiskeli, akaupanda upya mlima aliokuwa ameuteremka, ili akamsaidie. Magne alishinda Tour ile. Vietto akawa wa tano. Ila hakikisha unayempa gurudumu ni wa timu yako: mwaka 2015 kwenye Giro d'Italia, Richie Porte alipokea gurudumu kwa Mwaustralia mwenzake wa timu pinzani, akaadhibiwa kwa kuongezewa dakika mbili.

Nne, na hili ndilo gumu: uwe na nguvu kuliko unayemtumikia, kisha umngoje. Kwenye Tour ya mwaka 2012, katika mpando wa mwisho kuelekea kilele cha La Toussuire, Froome aliongeza mwendo na nahodha wake, Bradley Wiggins, akaachwa. Redio ikasema. Froome akapunguza mwendo, akamngoja. Wiggins alitwaa Tour, Froome akamaliza wa pili, na mwaka uliofuata ikawa zamu yake. Binafsi naona kule kungoja ni tendo kubwa la michezo kuliko ushindi mwingi niliousoma.

Ukishamaliza kazi ya siku, bado una kilomita zako za kumaliza ndani ya muda uliowekwa, la sivyo kesho huanzi. Wim Vansevenant, Mbelgiji mwingine, alishika mkia wa Tour de France mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008. Ulegevu haukuwa sababu. Alikuwa ameshazimaliza nguvu kwa ajili ya manahodha wake, Robbie McEwen na Cadel Evans. Asomaye matokeo bila kuijua kazi atamwita dhaifu, na atakuwa amekosea kabisa.

Malipo? Mshahara upo, na kwa desturi fedha za ushindi wa nahodha hugawiwa timu nzima. Na mara moja moja, kazi humgeukia mfanyakazi. Mwaka 2023 Sepp Kuss, Mmarekani, alimtumikia Primož Roglič akashinda Giro, akamtumikia Jonas Vingegaard akashinda Tour, kisha akaenda nao wote wawili Vuelta ya Hispania. Huko akajikuta yeye ndiye kiongozi. Kwenye mlima Angliru mabwana wake wawili walimwacha nyuma, akabakiwa na sekunde 8 tu za uongozi. Hatimaye timu iliamua wamlinde, naye akaitwaa Vuelta, Vingegaard wa pili, Roglič wa tatu.

Nawe msomaji usiyetaka kazi hii, una lako la kufanya. Tour du Rwanda ikipita Kigali, usimshangilie wa kwanza kisha ukaondoka. Subiri wanaopanda barabara ya mawe ya jiji hilo wakiwa wameishiwa nguvu, uwapigie makofi hadi wa mwisho. Na waandishi wa michezo, mkiandika jina la mshindi, andikeni na majina ya waliomkingia upepo.